Waliolala Chini ya Loleza

Evarista, karani wa sensa, alihesabu mtaa mzima akaiacha nyumba alimokuwa akilala. Siku sita aliizunguka, mara juu yake, mara chini yake, mara kwa jirani anayeshirikiana nayo ua, na kila alipoikaribia alikumbuka shughuli nyingine. Mtaa wenyewe umekaa kwenye mgongo wa mlima Loleza, pale jiji la Mbeya linapochoka kupanda na kuuacha mlima uendelee peke yake. Una kaya mia moja na kumi na tisa. Mia na kumi na nane zilikwisha kuingia kwenye kishikwambi chake. Iliyobaki ni hiyo yenye bati la kijani, inayolaza watu watatu, wa tatu akiwa yeye.

Sasa mtu atauliza, kuna ugumu gani kuihesabu nyumba unayoamkia kila siku? Subiri nikueleze.

Mkuu wa kaya ile ni Mzee Asukile, baba mkwe wake. Evarista ni Mhehe wa Tosamaganga, kule Iringa, na ameolewa kwa Wanyakyusa. Kwa Wanyakyusa wa zamani, wale hasa, baba mkwe na mkamwana hawaonani. Si kwamba wamegombana, la, hiyo ndiyo heshima yenyewe. Mzee akija huku, mkamwana anapita kule. Mzee akikohoa uani, mkamwana anaingia jikoni. Hawali pamoja, hawasemezani, hawatazamani usoni. Mjini wengi wameshaliacha jambo hili, utawaona na wakwe zao kwenye bajaji moja wakicheka, lakini Mzee Asukile hakuwa mtu wa kuacha mambo. Kwa miaka kumi na mmoja Evarista aliishi nyumbani kwa mtu anayemjua kwa kikohozi, kwa mgongo, na kwa kofia ya sufu ikipita dirishani. Uso wake aliwahi kuuona kwenye picha ya harusi tu, na hata humo mzee alikuwa ametazama pembeni.

Mwaka wa kwanza alilia. Kwao baba mkwe ni mtu wa kusalimiwa “kamwene” na kupewa kigoda. Baadaye akazoea, kama watu wanavyozoea baridi ya Mbeya.

Lakini mume aliyemleta kwenye heshima hiyo hakuwapo. Ombeni, fundi magari, alikwenda Dar es Salaam miaka sita iliyopita kutafuta maisha. Miaka miwili alipiga simu, kisha akapunguza, kisha namba ikawa haipatikani. Mzee Asukile alifunga safari kwenda kumtafuta, akakaa huko wiki mbili, akarudi amekonda. Alichosema kilikuwa kifupi, na Evarista alikisikia akiwa nyuma ya mlango. “Mji ule hauna mwisho,” mzee alimwambia mkewe. “Mtu akitaka asionekane, haonekani.”

Watoto Evarista na Ombeni hawakujaliwa. Na mwezi ule wa Agosti ukoo ulikuwa umepanga kikao, Jumamosi baada ya sensa, wazike mgomba. Mtu akipotelea mbali na mwili usipatikane, wazee hukata mgomba wenye urefu wake, wakauvika sanda, wakaulilia na kuufukia nyuma ya nyumba, na hapo neno linakwisha. Aliyekiitisha kikao ni Mzee Asukile mwenyewe.

Hapo ndipo palipomkaa Evarista kooni. Mgomba ukishafukiwa, yeye atakuwa mjane. Mjane asiye na mtoto ana nini tena kwa watu wasio wake? Watamshukuru, watampa kitenge, watamsindikiza stendi, apande basi la Iringa na begi lake. Kule Tosamaganga wazazi wote wawili walikwisha kufa, na nyumba ni ya kaka. Nyumba aliyoijua kuwa kwao ni hii ya bati la kijani, yenye mzee asiyemwona na mama mkwe, Ikupa, ambaye jioni humwekea kiazi cha moto kwenye majivu bila kumwambia. Alikuwa anaogopa kuipoteza.

Ndiyo maana aliikwepa. Maana kishikwambi, kwa kila mtu, kina swali: ana uhusiano gani na mkuu wa kaya?

Siku sita hizo, lakini, zilikuwa siku za ajabu. Evarista ni mwalimu wa jiografia, na miaka yote alifundisha jiji kwa chaki: hapa bonde, hapa barabara kuu, hapa reli, hapa watu wamebanana, hapa wametawanyika. Sasa alikuwa analipita nyumba kwa nyumba, amevaa kizibao chake cha kung'aa, na kwenye kila mlango alikuwa akiuliza neno lile lile. Nani alilala hapa usiku wa kuamkia Jumanne?

Swali hilo ukiliuliza mara kumi ni kazi. Ukiliuliza mara mia linaanza kukulevya. Watu walikuwa wanamjibu kwa sauti ya chini, utadhani wenyewe bado wamelala. Nililala mimi, na huyu, na huyu mdogo alilala miguuni. Bibi mmoja alimwonyesha kitanda kabisa, akapapasa na shimo alilochimba mumewe kwenye godoro kwa miaka arobaini. Mwingine aliomba paka aandikwe, kwa sababu alilala. Kijana mmoja wa chumba cha kupanga alifikiri sana, akasema hakulala, alikuwa anawaza, je, ahesabiwe? Evarista akamwambia atahesabiwa.

Mchana alikuwa anakaa juu ya jiwe, anakula viazi vyake vya kuchemsha, anatazama chini. Agosti Mbeya ina vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa, na jiji linalala ndani yake limefifia. Huku bati za Mwanjelwa, kule Soweto, kule Iyunga, barabara ya Zambia imepita katikati na malori yake yasiyokwisha, na upande wa Uyole hata huoni jiji linaishia wapi. Watu zaidi ya laki tano. Evarista akifumba macho aliwaona wote kwa pamoja, usiku ule mmoja, wamelala bondeni, bila paa, bila kuta, mmoja kando ya mwenzake kuanzia Loleza mpaka ng'ambo, wanapumua. Vumbi lile likawa ni pumzi zao. Alikuwa anakaa vile mpaka kiazi kinapoa mkononi.

Na wazo lilikuwa halikomei Mbeya. Lilikuwa linateremka na barabara, linapita Makambako, linapita Iringa na baridi yake, linashuka Kitonga, linafika kule kwenye joto ambako hakuwahi kufika, mji alioufundisha kwa ramani tu: bahari upande mmoja, tambarare upande wa pili, mto Msimbazi unaofurika kila masika, na mamilioni ya watu wamelala madirisha wazi. Humo mmoja ni Ombeni. Karani fulani, mwanamke labda, mwenye kizibao kama hiki, amegonga mlango na kumuuliza, ulilala hapa? Na Ombeni amejibu, ndiyo. Evarista alilipenda wazo hilo. Alijiambia, huyu mtu mahali fulani ameshahesabiwa. Namba yake ipo.

Jumatatu, siku ya saba, simu ikaita. Alikuwa Brayson, msimamizi wake.

“Madam, kwenye ramani yako nyumba moja bado ni nyeupe. Tunafunga leo.”

“Naijua,” akasema Evarista.

“Wakali?”

“Hapana. Ni kwangu.”

Brayson akacheka, akasema basi hiyo ni ya dakika ishirini. Wanaume wengine bwana, wanajua dakika tu.

Hivyo alasiri ile Evarista akapiga moyo konde, akaenda kumwambia Ikupa. Wakapanga kama ifuatavyo. Mzee atakaa barazani, chini ya dirisha la jikoni, mgongo ukutani. Evarista atakaa jikoni, upande wa pili wa ukuta huo huo. Ikupa atakaa mlangoni katikati na ungo wake wa maharage, achague huku akipokea neno huku na kulipeleka kule. Dirisha lilikuwa wazi, na kati ya mkwe na mkwe palikuwa na tofali moja. Walisikiana mpaka kumeza mate.

“Mama, mwulize baba majina yake kamili.”

“Anauliza majina yako kamili,” Ikupa akasema nje.

“Mwambie Asukile Mwambene.”

“Asukile Mwambene, anasema.”

“Nimesikia, mama.”

“Hata kama umesikia. Mimi nikitoka hapa katikati, nyinyi mtakuwa mnaongea.” Akatupa harage bovu uani, kuku wakalikimbilia.

Umri, sabini na nne. Hali ya ndoa, ameoa. Kusoma na kuandika, ndiyo. Kazi, mkulima, na mzee akataka iandikwe pia kwamba aliwahi kuwa fundi mwashi na ukuta huu aliujenga yeye. Kishikwambi hakikuwa na nafasi ya ukuta. Ikupa akapeleka habari hiyo nje, mzee akaguna. Wa pili Ikupa, mke, miaka sitini na tisa. Wa tatu, Evarista. Uhusiano na mkuu wa kaya? Kidole kikasita.

“Yangu nitaijaza baadaye,” akasema kwa haraka, akairuka.

Ikupa akamtazama, akainamia maharage yake.

Yakafuata maswali ya wanawake. Haya hayapitii kwa mwanaume, kwa hiyo Evarista akamgeukia mama mkwe wake moja kwa moja, akalainisha sauti.

“Mama, umezaa watoto wangapi kwa jumla?”

“Sita.”

“Waliofariki?”

“Wawili. Makaburi yao si unayafagia wewe?”

“Walio hai?”

Ikupa akainua vidole. “Wa Kyela yupo. Wa Tunduma yupo. Wa Chunya yupo.” Kidole cha nne kikabaki kimekunjwa.

Evarista akaandika watatu. Kishikwambi kikakataa, mstari mwekundu ukatokea. Sita, toa wawili, wanabaki wanne, hata mtoto wa chekechea anajua. Akajaribu kupita, hakikupita. Palikuwa na mahali pa walio hai na mahali pa waliokufa. Mahali pa kusema hatujui hapakuwapo.

“Mama,” akasema, “hesabu haikubali. Mmoja amebaki. Kinataka nimweke upande mmoja.”

“Mimi ndiye niseme?”

“Ni swali la mama.”

Ikupa akauweka ungo chini. Mikono yake mikubwa, iliyozoea jembe, ikawa haina pa kukaa. “Jumamosi wanataka kumzika,” akasema. “Na wewe leo unataka nimuue kwanza.”

“Si mimi, mama.”

“Najua si wewe. Najua.” Akajifunika uso kwa khanga, akalia bila sauti, mabega tu. Evarista alitaka kumshika lakini akaogopa kwamba naye atalia, na karani akilia nani ataandika? Akakaa na kile kishikwambi mapajani, mstari mwekundu unamtazama. Akaingiwa na hasira kwa mzee aliyekaa nyuma ya ukuta, aliyeitisha kikao cha mgomba, aliyeweza kumfukia mwanawe kama anayefukia takataka ili ua uwe safi.

Nje mzee akakohoa. Kisha sauti ikaingia dirishani, nzito, karibu mno.

“Weka wanne.”

Hakusema “mwambie.” Evarista akashtuka, akatazama mlangoni, lakini Ikupa hakuwa na la kupeleka. Neno lilikuwa limekuja moja kwa moja, la kwanza kwa miaka kumi na mmoja.

“Weka wanne,” mzee akarudia. “Yuko hai. Nilimwona.”

Ikupa akaondoa khanga usoni.

“Ile safari yangu, siku ya tisa,” ikasema sauti ya dirishani. “Nilimkuta Mbagala, kwenye gereji. Ana mwanamke huko, ana watoto wawili. Alinikalisha kwenye benchi, akaninunulia soda. Akaniambia, Tata, rudi, waambie hukuniona. Mimi nikamaliza ile soda, nikarudi, nikasema vile nilivyosema.”

“Miaka mitatu, Asukile,” Ikupa akasema. “Miaka mitatu unaniacha nimwombee kila jioni kwa Mungu kama mtu asiyejulikana aliko, na wewe unaitikia amina.”

“Niliitikia.”

“Na huo mgomba?”

“Nilisema heri binti wa watu awe mjane kuliko awe mke aliyeachwa hata bila kuambiwa. Mjane ana heshima yake. Nilidhani namsitiri. Kumbe nilikuwa najisitiri mimi, kwamba nimezaa mtu wa namna ile.”

Evarista alisikia yote, na aliumia, tusidanganyane. Yule mtu ambaye yeye kila mchana alimlaza kwa mawazo kwenye mji wa mbali, peke yake, dirisha wazi, hakuwa amelala peke yake. Aliulizwa ulilala hapa, akajibu ndiyo, akamtaja mwanamke, akataja watoto wawili. Namba ipo kweli, na imetimia bila yeye. Akatamani kupiga kelele. Tena akaona, chini kabisa ya maumivu, kitu fulani kimeshuka kutoka begani, na akakionea haya.

Akafuta watatu, akaandika wanne. Mstari mwekundu ukatoweka. Kishikwambi, ambacho hakina huruma wala haraka, kikamrudisha kwenye swali aliloliruka. Mtu wa tatu. Uhusiano na mkuu wa kaya. Chagua: mke au mume, mtoto, mjukuu, mzazi, mkwe, ndugu mwingine, asiye ndugu.

Mkwe kwa mwanaume yupi sasa? Kidole kikateremka chenyewe hadi mwisho wa orodha, asiye ndugu, kikaning'inia hapo. Ndiyo ukweli, akajiambia. Ndivyo ilivyo. Basi la Iringa linaondoka asubuhi. Lakini karani haandiki kwa kukisia, mkuu wa kaya ndiye husema, na yeye karani aliapa kuandika ukweli.

“Mama,” akasema, na sauti ikamkatika, akaanza upya. “Mama, mwulize baba. Huyu mtu wa tatu ni nani wake?”

Ikupa alikuwa amesimama, mgongo kwa mumewe. “Mwulize mwenyewe,” akasema. “Mimi nimechoka kuwa mlango.”

Basi Evarista akauliza ukuta. “Baba. Mtu wa tatu ni nani wako?”

“Mtoto,” likaja jibu.

“Baba, hapa kuna mtoto na kuna mkwe, ni vitu viwili. Na kuna wasio ndugu. Mimi niliapishwa, naandika ukweli.”

“Nimesema mtoto.”

“Siwezi kuandika hivyo kwa sababu ya kunihurumia.”

Barazani kigoda kikaburutwa. Nyayo zikazunguka nyumba, polepole, zikapita chini ya dirisha, zikafika uani. Evarista, kwa mazoea, akainuka atokee mlango wa nyuma, mkono tayari umeshika khanga ajifunike. Ikupa akamshika kiuno, akamkalisha.

Mzee Asukile akainama kwenye mlango wa jikoni, akaingia. Hakukohoa. Alikuwa mfupi kuliko kikohozi chake. Akavua kofia ya sufu, kichwa kikawa cheupe chote, na macho yalikuwa mekundu, yamelowa, ya mzee wa kawaida tu aliyechoka. Alijua watakachosema watu wa ukoo. Alijua pia atakachosema yeye Jumamosi. Akasimama mbele ya Evarista, akamtazama usoni bila kuyaondoa macho, mpaka Evarista naye akashindwa kuinama.

“Mkwe haonwi,” akasema. “Sasa wewe, mimi unaniona?”

“Nakuona, baba.”

“Basi andika.”